Shajara ya mradi: rili namba 2, mwanamke na barua

Wiki ya 1, Jumamosi

Kifurushi kimefika leo mchana, kimezungushiwa gundi ya karatasi utadhani ndani mna dhahabu. Rili saba za mkanda wa filamu wa milimita 9.5, fungu moja bei moja, kutoka kwa muuzaji wa Ulaya aliyeahidi tamthilia za enzi ya filamu bubu, "hali nzuri". Hali nzuri ni neno la biashara. Nne ni vichekesho vya kuanguka na kukimbizana, moja ni matembezi ya milimani, moja inanuka siki, dalili ya mkanda kuoza, kiasi kwamba paka ametoka chumbani mwenyewe.

Ya saba ndiyo niliyoifuata. Lebo imechanika, imebaki namba 2 na herufi tatu za mwisho wa neno. Nimeinyanyua kwenye taa nikatazama fremu za mwanzo kwa kioo cha kukuzia: mwanamke amesimama mlangoni, mkononi ana barua. Jina la filamu halimo, wala majina ya waigizaji, kwa kuwa hayo yote hukaa rili ya kwanza. Mwisho uko rili ya tatu, kama ziliishia tatu.

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. "Baba Salma, yaani umenunua picha isiyo na mwanzo wala mwisho?"

Ndiyo, mama. Nimenunua ya kati.

Mradi wenyewe ni huu: kuipiga picha rili hii fremu kwa fremu, kuirudishia mwendo wake, kutafsiri kwa Kiswahili vibao vya maandishi vinavyoingia kati ya picha badala ya sauti, na ikiwezekana kujua ni filamu gani. Nitaandika hapa kila hatua, makosa yakiwemo. Na nikipata jibu la kumpa mama Salma nitaliandika pia, maana "napenda tu" halikumtosha.

Wiki ya 1, Jumapili

Nimepima. Mita 60 kasoro kidogo. Mita moja ya mkanda huu ina fremu 132 na ushei, kwa hiyo nina fremu 7,900 hivi. Kwa mwendo wa fremu 16 kwa sekunde ni dakika nane na kitu.

Kwa asiyeujua: kampuni ya Pathé ya Ufaransa iliutoa mkanda wa 9.5 mwishoni mwa 1922 pamoja na projekta ndogo ya nyumbani iitwayo Pathé-Baby. Ni asetati isiyolipuka, si nitrati kama mikanda ya majumba ya sinema ya wakati ule, kwa sababu hakuna baba mwenye akili timamu angekubali nitrati iwashwe sebuleni kwake. Tundu la kuvutia mkanda liko katikati, kati ya fremu na fremu, badala ya pembeni. Faida yake ni kwamba picha inatanda karibu upana wote. Hasara yake ni kwamba jino la projekta likiteleza, linatoboa uso wa steringi. Mwanamke wangu ana tundu la shavuni kwa fremu kama arobaini mfululizo, linapanda na kushuka kama chunusi yenye wazimu.

Filamu ndefu za majumba ya sinema zilikatwakatwa, zikafupishwa, zikauzwa au kukodishwa kwa familia kwa rili zenye namba. Nyingine leo hazipo duniani isipokuwa kwa ufupisho huo.

Wiki ya 2

Kamera, lenzi ya karibu, taa ya LED, kipande cha mninga nilichochonga mfereji wa kupitisha mkanda. Fremu 1,150. Umeme umekatika mara tatu, na kila ukirudi mwanga unakuwa tofauti kidogo, hivyo mwanamke anabadilika rangi katikati ya hatua. Nimehamia betri.

Wiki ya 3

Fremu 2,600. Mgongo unauma. Jioni nasoma.

Ripoti ya Maktaba ya Bunge la Marekani ya mwaka 2013, kazi ya David Pierce, ilihesabu filamu ndefu bubu 10,919 zilizotolewa Marekani kati ya 1912 na 1929. Asilimia 14 ndizo zilizobaki kama zilivyotoka, katika mkanda wa milimita 35. Asilimia 11 zipo kamili lakini kwa nakala za nchi za nje au mikanda midogo. Halafu kuna kundi ninalolipenda: filamu 562, asilimia 5, zilizobaki pungufu. Nyingine zote, asilimia 70, zimekwenda: kwa moto, kwa kuoza, kwa kuyeyushwa ili madini ya fedha yaliyomo kwenye mkanda yapatikane, au kwa kutupwa tu, maana sauti ilipoingia nani angelipia kuona watu wakipanua midomo kimya?

Filamu iliyopotea yote naisikitikia kwa adabu, kama marehemu nisiyemjua. Iliyo kamili naiweka kwenye rafu niiangalie nikipata nafasi, na nafasi haipatikani. Pungufu ndiyo inayoniamsha saa tisa usiku.

Mfano wa karibu ni The White Shadow, ya Uingereza, 1924. Betty Compson anaigiza pacha wawili, mmoja mpole na mmoja asiye na roho, kwa maana halisi kabisa ya hadithi ile. Mwongozaji ni Graham Cutts, lakini msaidizi wake, aliyeandika skripti, akabuni seti na kuhariri, alikuwa kijana wa miaka 24 aitwaye Alfred Hitchcock, mwongozaji mashuhuri wa baadaye. Filamu ilikuwa na rili sita. Zimebaki tatu za mwanzo. Ziliwekwa na mwendesha projekta wa Hastings, New Zealand, Jack Murtagh, kwa sababu New Zealand ilikuwa mwisho wa safari ya nakala: kuzirudisha kulikuwa ghali kuliko thamani yake, zikatakiwa kuteketezwa, naye akazipeleka nyumbani. Ndugu zake walizikabidhi kwenye hifadhi ya filamu ya nchi hiyo mwaka 1989, na haikujulikana ni filamu gani mpaka 2011. Leo zimo kwenye diski, dakika 40 na ushei.

Nimeiangalia mara nne. Dada mpole anafika Paris, kwenye kilabu chenye moshi na kelele, kumtafuta mwenzake. Mambo yameiva. Basi. Muhtasari wa maandishi upo, unaeleza kwamba mbele huko roho inahama kutoka mwili mmoja kwenda mwingine. Hapo ndipo nashikwa. Kusoma kwamba roho ilihama hakusaidii chochote. Nataka kuona uso wa Compson wakati inahama, na uso huo hauko kwenye karatasi yoyote.

Ndiyo maana nasema ni tamthilia, si vichekesho. Kichekesho kikikatwa nusu, nusu iliyobaki bado inachekesha: mtu ameanguka, umecheka, yameisha. Tamthilia inakukopesha. Rili ya kwanza mtu anaficha barua, nawe unakaa ukidai mpaka barua isomwe. Rili ikipotea, mdaiwa ametoroka.

Nimekulia Ngamiani, Tanga. Kibanda umiza cha mtaani kwetu kilikuwa na mabenchi ya mbao, televisheni moja, na joto la tanuri. Siku moja steringi amefungwa kamba, adui anawasha kiberiti, umeme ukakatika. Mwenye kibanda hakurudisha kiingilio, na kesho yake kaseti ilikuwa imesharudishwa ilikokodiwa. Wiki nzima tulikaa barazani kuugombania mwisho. Kanuni tuliijua, steringi hafi, lakini anafunguliwaje? Kijana mmoja akadai ameiona yote Dar es Salaam, akatusimulia: mbwa wa adui ndiye aliyetafuna kamba, kwa sababu huko mwanzo steringi alimpa nyama. Tulimwamini kwa heshima zote. Miaka kumi na tano baadaye nikaipata picha ile kwenye diski. Steringi ana kisu kwenye buti. Mwisho wa yule muongo ulikuwa bora mara mbili.

Wiki ya 4

Fremu 4,900. Nimefika kwenye vibao na nimegundua nimekosea hesabu ya muda.

Pathé walibana mkanda kwa ujanja. Kibao cha maandishi kinachotakiwa kusomeka kwa sekunde tano kingekula fremu 80. Wao waliweka fremu chache tu na kukata pengo dogo ukingoni mwa mkanda. Projekta ikilifikia pengo inasimama yenyewe, inashikilia kibao, kisha inaendelea. Skana yangu ya mbao haina habari ya pengo. Kwa hiyo nilipojaribu kucheza sehemu ya kwanza, maandishi yalipita kama umeme wa radi. Itabidi nirudi nyuma, nihesabu mapengo yote kwa kidole, nikivute kila kibao kwa mkono. Vibao ni 11. Dakika nane zimekuwa karibu tisa.

Vibao ni vya Kifaransa. Nimempelekea picha rafiki yangu wa Lubumbashi, mwalimu, anayekicheza Kifaransa na Kiswahili kama karata. Kumi vimenyooka. Cha saba kimetushinda. Mwanaume aliyerudi anasoma ile barua, anakaa, kibao kinasema: "Mtoto wake yuko hai."

Wake nani? Wa mwanaume mwenyewe, wa yule mwanamke, au wa aliyeandika barua? Rafiki amenijibu kwamba Kifaransa hapo hakitofautishi wake wa mwanamke na wake wa mwanaume, na Kiswahili nacho hakitofautishi, kwa hiyo lugha zetu mbili zimekula njama. Rili ya kwanza ilishalisema hilo kwa watu wa wakati ule. Kwetu sisi ni msiba wa aina tatu. Kama mtoto ni wa mwanaume, anayelia pale ni mke aliyedanganywa. Kama ni wa mwanamke, anayelia ni mkosaji. Uso ni uleule, machozi yaleyale.

Nimeirudia sehemu hiyo, fremu 212, nadhani mara thelathini. Kila nikibadilisha baba wa mtoto, mama anaigiza tofauti.

Wiki ya 6

Wiki ya tano haikuwa na kazi, nilikuwa na malaria.

Nimekwenda kumwona mzee mmoja aliyeendesha projekta miaka mingi, amestaafu zamani. Nilitaka anifundishe kuunganisha sehemu mbili zilizokatika. Shikamoo, marahaba, kahawa, kashata. Ameushika mkanda kwa kingo zake, bila kugusa uso wa picha, vidole vikiwa vyepesi kuliko vyangu ingawa vinatetemeka. Akaukwangua, akapaka gundi, akabana, akahesabu pole pole hadi kumi na tano. Amemaliza.

"Mwanangu, rili moja hupoteaje?" nikadhani nimemuuliza mimi, kumbe ananiuliza yeye.

Nikamweleza moto na nitrati. Akatikisa kichwa. Alisema moto ni wa magazetini, rili hupotea kwa baiskeli. Kopi ya picha ilikuwa moja na sinema mbili zinaionyesha usiku mmoja. Huku wameanza saa tatu, kule saa tatu na nusu. Rili ya kwanza ikiisha huku, kijana anaifunga nyuma ya baiskeli, anakimbia nayo kule. Usiku kucha anakwenda na kurudi. Mnyororo ukikatika, au akisimama kununua mihogo, watu wanakaa gizani. Na msimu ukiisha, rili moja inabaki sinema isiyo yake, hakuna anayekumbuka.

Nikamwambia kwamba kwangu mimi pengo lile lina utamu wake, kwamba unaanza kujaza mwenyewe. Nilisema vizuri, nilikuwa nimejiandaa. Akanitazama.

"Usiku mmoja rili ya mwisho haikufika," akasema. "Walivunja viti kumi na saba. Mimi nilitokea dirishani."

Wiki ya 7

Fremu zote 7,903. Naanza kunyoosha mitetemo.

Maneno ya mzee yamenikera, kwa hiyo nimerudi kwa wakusanyaji wenzangu nione kama nina watetezi. Wapo, ila si wote wa kujivunia.

Beyond the Rocks ya 1922, waigizaji Gloria Swanson na Rudolph Valentino, ilihesabiwa imekufa kwa miongo mingi. Mwaka 2003 jumba la filamu la Uholanzi lilikuwa likichambua makopo kama 2,000 yenye kutu yaliyoachwa na mkusanyaji wa Haarlem, na rili zake zikaanza kuibuka, hazikuwa hata pamoja. Ilionyeshwa tena 2005. Mtu yule aliishi nayo. Aliiokoa, na aliificha. Siwezi kuchagua neno moja.

Kulikuwa na sababu ya kujificha. Studio za Marekani hazikuuza nakala, zilikodisha, kwa hiyo mwenye nakala nyumbani aliweza kuitwa mwizi. Desemba 1974 FBI waliingia nyumbani kwa mwigizaji Roddy McDowall wakachukua mkusanyiko wake. Hakushitakiwa, lakini wakusanyaji wengine walielewa ujumbe, na wakafunga milango.

Upande wa pili yuko Mwingereza Kevin Brownlow. Mwaka 1954, bado mwanafunzi, alipata rili mbili za Napoléon ya Abel Gance, za milimita 9.5, mkanda kama wangu huu. Akataka iliyobaki. Alitafuta kwa miaka, hifadhi kwa hifadhi. Mwaka 1980 ikaonyeshwa London na okestra, na toleo lake la 2016 lina saa tano na nusu. Kijana yule angeweza kukaa na rili zake mbili, azigeuzegeuze kama mimi na fremu zangu 212.

Halafu ziko zisizokuwa na Brownlow wa kuzitafuta. The Divine Woman ya 1928, Greta Garbo akiongozwa na Victor Sjöström: kilichobaki ni dakika tisa, zilizopatikana Moscow mwaka 1993 zikiwa na vibao vya Kirusi. Askari anaaga mpenzi wake na miguu inakataa kuondoka. Dakika tisa, yaani sawasawa na rili yangu. The River ya Frank Borzage haina mwanzo wala mwisho, lakini ina mwanamke anayemlalia mwanaume aliyeganda kwa baridi ili ampe joto la mwili wake, na sijaona kitu cha ujasiri zaidi kutoka enzi ile. Nakiri: naogopa kwamba mwisho ungeipunguza.

Greed ya Erich von Stroheim nimeiweka mbali na hizi. Rili 42 zilikatwa na kukatwa tena, na studio ikazifikisha 10. Mwaka 1999 zikajazwa kwa mamia ya picha mgando, ikafika karibu saa nne. Nimeimaliza mara moja. Ni kazi ya heshima na sina hamu nayo tena, kwa sababu picha mgando inakueleza kilichotokea huku ikikunyima kutokea kwenyewe.

Wiki ya 9

Imecheza. Kwa fremu 16 mwanamke anatembea kama yuko majini, kwa 20 anafanana na aliyeitiwa mgeni. 18 ndiyo. Nimetia vibao vya Kiswahili, na kibao cha saba nimekiacha na "wake" yake.

Ijumaa mzee alikuja nyumbani na kanzu nyeupe, nikaionyesha ukutani. Mama Salma alikaa pia, kwa kumheshimu mgeni, alisema. Kwenye kibao cha saba alisema bila kungoja, "Ni wa kwake yeye mwanamke, tazama anavyoshika mlango." Mzee akasema si kweli, ni wa mwanaume, mlango anaushika asianguke. Wakabishana. Picha ikaisha mwanaume akiwa na kofia mkononi, mguu mmoja nje. Ukuta ukabaki mweupe.

"Haya, weka nyingine," mama Salma akasema.

Ndipo nikawaambia kuhusu barua pepe. Siku nane kabla, mkusanyaji mmoja niliyempelekea picha ya lebo yangu amenijibu kwamba ana boksi lenye namba 3, herufi za mwisho zilezile. Ametuma fremu moja: mwanamke yuleyule, gauni lilelile, amepiga magoti kwenye kitu ambacho huenda ni kitanda, huenda ni kaburi. Naye jina la filamu halijui. Bei anayotaka inazidi fungu langu lote la rili saba. Nilikuwa sijamjibu. Nilikuwa nimejiambia ni bei.

Mzee alinyanyua fimbo yake, nikadhani anaaga.

"Unayo kwa siku nane na watu wamekaa gizani?"

Wiki ya 10

Nimelipa Jumatatu. Mama Salma ametoa theluthi, kwa sharti kwamba mtoto akiwa wa mwanamke, nitampikia pilau mimi mwenyewe.

Yaliyobaki kabla rili ya 3 haijafika: kupanua mfereji wa mbao kwa nusu milimita, maana mkanda uliosinyaa hukwama kwenye kona, kununua betri ya pili, kurekebisha rangi kati ya fremu 1,040 na 1,150, zile za umeme wa wiki ya pili. Rili ya 1 nimeitangaza kwa wakusanyaji kumi na wawili, wawili wamejibu hawana.

Mzee amepiga simu leo mara mbili kuuliza kama posta wamefungua.